Nati Tano za Nyuma Kushoto

Mtu anayeogopa kila kitu kununua gari la mbio, jamani, si kichekesho hicho? Ndugu zake walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi ningekuwepo ningecheka nao. Mama huyo alikuwa mtoa dawa hospitalini, wa miaka arobaini na mmoja, mfupi, mwenye miwani mikubwa na mikono isiyotulia. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alikuwa ameshatazama jiko mara mbili na pasi mara tatu. Mlango aliusukuma kwa bega kuhakikisha umefungwa, akaenda hatua kumi, akarudi kuusukuma tena. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alimsubiri getini macho yakiwa kwenye saa.

"Mke wangu, mlango umeshasema umefungwa. Unataka uape?"

Lakini tusimwonee. Hofu yake ilikuwa na siku yake ya kuzaliwa. Miaka tisa nyuma, jioni moja yenye foleni ndefu, alimpa mama mmoja dawa ya mtoto yenye nguvu mara nne ya ile iliyoandikwa kwenye cheti. Alikuja kukumbuka ameshavua koti jeupe, mkoba uko begani. Alishuka ngazi mbiombio, kiatu kimoja kikabaki njiani, akamkuta yule mama getini anamfunga mtoto mgongoni vizuri. Chupa ilirudi, mtoto hakunywa hata tone, na hakuna aliyejua. Ila tangu jioni ile akili yake haikukubali tena kwamba jambo lolote limekwisha. Kila alichokifanya kilimfuata nyuma kikimuuliza: una hakika?

Kazini akajiwekea sheria. Soma jina, soma dawa, hesabu vidonge, hesabu tena, ndipo utie saini. Saini mwisho, siku zote mwisho. Wenzake walimwona mzito, wagonjwa walinung'unika kwenye benchi, yeye akaziba masikio akaendelea kuhesabu.

Sasa njooni kwenye gari. Mumewe alitegemea kigari cha kwendea sokoni. Naye mama alikwenda kwa muuzaji wa magari ya Kijapani yaliyotumika akiwa na nia hiyo hiyo ya kigari cha sokoni, isipokuwa yule muuzaji, kwa utani tu, alimwambia ajaribu kwanza lile la pembeni. Lilikuwa la rangi ya fedha, milango miwili, limeinama mbele kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Akaliingia. Akakanyaga mafuta, turbo ya injini ikapiga mluzi, mgongo ukabanwa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa ile sauti ya kuuliza una hakika ikanyamaza. Alizunguka mtaa mzima na kurudi analia, muuzaji akadhani amegonga mtu.

Ndiyo sababu alilinunua. Mengine yote aliyowaeleza ndugu zake, kwamba lina breki nzuri na viti vya ngozi, yalikuwa maneno ya kupoza mambo. Alinunua ule ukimya.

Wenye magari ya namna hiyo walikuwa na chama chao mjini, watu kumi na wanne, na Jumapili moja ya kila mwezi walikutana asubuhi kwenye uwanja wa nyuma wa duka la matairi. Hapakuwa na tajiri hata mmoja. Palikuwa na kinyozi, palikuwa na seremala, palikuwa na mpiga picha za harusi, na magari yao mengi yalikuwa ya zamani kuliko baadhi ya madereva wake. Mwenyekiti alikuwa mstaafu aliyeendesha gari la wagonjwa kwa miaka ishirini na sita, mzee mkavu asiyependa mzaha karibu na barabara. Msafara wao ulikwenda kilomita arobaini, hadi kwenye uwanja mdogo wa ndege usiotumika tena, na huko ndiko pekee mtu alikoruhusiwa kukanyaga anavyotaka.

Mwenyekiti alikuwa na sheria moja iliyowashangaza wageni wote. Kabla ya safari kila gari lilipandishwa jeki, matairi yakavuliwa, breki zikatazamwa, matairi yakarudishwa. Lakini mtu hakazi gari lake. Unakaza nati za gari la mwenzako, kwa spana ya kipimo, ile inayolia ka! nati ikifika mkazo wake. Ukishakaza unachora kwa kalamu ya rangi nyeupe mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu, ili nati ikisogea mstari ukatike na kila mtu aone. Kisha barabarani unakaa nyuma ya gari ulilolikaza, mwendo mzima.

"Macho yako yakae kwenye kazi yako," Mwenyekiti alimwambia mama siku ya kwanza. "Nimeokota watu wengi barabarani, mama. Wengi wao walijikazia wenyewe."

Sheria ya pili ilihusu wageni. Mgeni alitakiwa kumaliza misafara mitatu bila dosari ndipo apewe stika ya chama. Akiwasha taa mara tatu, msafara wote unasimama, hiyo ni haki yake. Akiusimamisha bure, anaanza upya.

Safari yake ya kwanza kabisa, mama aliusimamisha bure. Alisikia harufu ya kuungua, moyo ukamruka, akawasha taa. Magari yote yakasimama, boneti zikafunguliwa, Mwenyekiti akalala chini ya gari na suruali yake safi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mtu anachoma takataka. Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini, na hapo hapo akampa mama jina: Breki. Jina likamganda. Hata mumewe, aliposikia, alilipenda kuliko ilivyostahili.

Baada ya aibu hiyo alimaliza misafara miwili salama, ameuma meno. Leo ilikuwa ya tatu. Kioo cha nyuma alikuwa ameshakisafisha mahali pa kubandika stika. Na asubuhi hiyo, akitoka nyumbani, alipiga moyo konde, akafunga mlango mara moja tu na kwenda zake. "Leo sirudi nyuma," alimwambia mumewe. Mwalimu wa hesabu alimpigia makofi.

Gari alilopangiwa kukaza lilikuwa la Seremala, jekundu, lenye rimu nyeusi. Seremala alikuja na mama yake, bibi wa miaka sabini na kitu aliyempenda mwanawe sana na mwendo zaidi. Bibi huyo alikuwa ameshajifunga mkanda kabla hata jeki haijashushwa, mkono wake umetoka nje ya dirisha, vidole vinapiga ngoma mlangoni. "Mwanangu," alisema, "leo yule wa mbele asituache."

Mama alichuchumaa, akaanza kazi. Nati tano kila tairi, matairi manne, milio ishirini. Tairi la kwanza, ka mara tano, mistari mitano. La pili vivyo hivyo. Alikwenda polepole kama alivyozoea. Alipoinua macho akaona wenzake wote wamemaliza. Walikuwa wamesimama na vikombe vya chai, wanamtazama.

"Breki," Kinyozi akamwita, "tunafika leo au tulete magodoro?"

Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini masikio yake yalipata moto. Akaharakisha tairi la tatu. Mwenyekiti alikuwa anapita gari kwa gari, anainama, anatazama mistari, anasonga. Alikuwa amebakiza magari mawili kumfikia. Mama akahamia tairi la nyuma kushoto, lile la upande aliokaa bibi. Kalamu ya rangi ilikuwa bado mkononi, spana iko chini. Na akiogopa kuonekana hajafika popote, alifanya jambo ambalo hospitalini asingelifanya hata kwa kushikiwa panga: akachora kwanza. Mistari mitano mieupe, iliyonyooka vizuri, juu ya nati zilizozungushwa kwa vidole tu. Nakaza sasa hivi, alijiambia, ni suala la nusu dakika.

Hapo wifi yake akaingia uwanjani. Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa fundi cherehani mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa pili, na alikuwa ameahidi kufika, wasafiri pamoja, saa nzima kabla ya hapo.

"Wifi! Wifi yangu! Huu mkoba niuweke wapi, au wageni tunakaa juu ya paa?"

Mama akageuka kumjibu. Mwenyekiti akafika, akainama, akaona mistari mitano, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Leo umefanya kazi safi, mama," alisema. Mzee yule hakuwa mtu wa kusifu. Mama alijisikia kama mtoto aliyepewa daftari lenye vema tupu. Filimbi ikapigwa. Akaokota spana, akaifuta, akairudisha kwenye sanduku lake, akaingia kwenye gari.

Msafara ukatoka. Mbele yake gari jekundu, mkono wa bibi nje ya dirisha. Nyuma yake Kinyozi, ambaye ndiye aliyemkazia yeye. Jua lilikuwa zuri, barabara tupu, wifi anasimulia habari za bi harusi aliyenenepa ndani ya wiki mbili na kumlaumu fundi. Mama alicheka. Kilomita kumi zilipita hivyo, na turbo ikapiga mluzi wake, na kichwa chake kilikuwa kimya.

Ndipo, bila sababu yoyote, akaanza kuhesabu milio.

Ilikuwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa mfuko kutafuta funguo. Tairi la mbele kulia, tano. Mbele kushoto, kumi. Nyuma kulia, kumi na tano. Halafu akamsikia wifi akiita. Halafu filimbi. Akarudi mwanzo. Tano, kumi, kumi na tano, wifi, filimbi. Akahesabu mara ya tatu, polepole, akiutafuta mlio wa kumi na sita kila kona ya kichwa chake. Haukuwepo.



"Wifi," alisema, "ulipofika, nilikuwa nimeshika nini mkononi?"

"Nijue mimi? Ulikuwa umechuchumaa kama anayefua."

"Spana au kalamu?"

Wifi akamgeukia, akamtazama usoni, na uso wake mwenyewe ukabadilika. "Umeanza," alisema. "Wifi, nakuomba, kwa jina la kaka yangu, usianze. Leo wanakupa stika yako. Si umeahidi hurudi nyuma?"

Ndiyo, aliahidi. Na kama kuna mtu duniani aliyeijua akili yake kuwa mwongo, ni yeye. Mara ngapi alikuwa na hakika jiko linawaka, akarudi, akalikuta baridi? Mara ngapi alikuwa na hakika mlango uko wazi? Miaka tisa ya kengele, na zote za bure. Sasa kwa nini hii iwe ya kweli? Akajiambia mistari ilikuwepo, Mwenyekiti mwenyewe aliiona. Kisha akakumbuka ni nani aliyeichora, na lini.

Akalitazama lile tairi. Kwa mwendo ule mistari haikuonekana, ilikuwa duara jeusi linalozunguka na kuzunguka. Aliona kama linacheza. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaivaa. Halichezi. Akatazama tena. Linacheza.

"Limecheza, umeona?"

"Nimeona barabara," wifi alijibu. "Na nimeona mkono wa yule bibi unafurahi. Endesha gari, mama."

Mbele kilikuja kituo cha mafuta, kikubwa, chenye uwanja wa kutosha magari yote. Mama alikijua. Baada ya kituo kile kulikuwa na kilomita tatu za barabara iliyonyooka, halafu mteremko mrefu wenye kona saba, na chini ya mteremko daraja jembamba juu ya korongo. Kwenye mteremko hapakuwa na pa kusimama. Kama ni kusimamisha msafara, ni hapa.

Akaweka kidole kwenye swichi ya taa. Akamfikiria Kinyozi amekaa chini anacheka. Akamfikiria Mwenyekiti, suruali safi, amelala tena chini ya gari. Akafikiria stika, na misafara mingine mitatu ya kuitwa Breki kwa kicheko. Akaona aibu, aibu ya kitoto kabisa, na akaiogopa aibu hiyo kuliko alivyoogopa kifo cha mtu. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe baadaye alilisema wazi. Kituo cha mafuta kikaja, kikapita, kikabaki nyuma kwenye kioo. Kidole chake hakikubonyeza.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomshika. Ile ya jiko na pasi ilikuwa mchezo. Aliona waziwazi kona ya tatu ya mteremko, tairi linachomoka, gari jekundu linaangukia upande wa bibi. Akauona ule mkono nje ya dirisha.

Akawasha taa. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

Seremala aliziona. Alinyoosha mkono wake nje, akaupunga kwa upole, kama unavyompungia mtoto anayelia bila sababu, akaendelea. Ni Breki tu huyo. Mama akawasha tena mara tatu, akapiga honi, akaibana bila kuiachia. Gari jekundu halikupunguza. Mteremko ulikuwa kilomita mbili mbele, ukingo wake umeshaonekana.

"Wifi, fungua dirisha lako."

"Unafanya nini? Kupita si marufuku? Wewe!"

Ilikuwa marufuku. Akateremsha gia, akakanyaga, turbo ikapiga mluzi, gari likaruka upande wa kulia. Kwa mara ya kwanza katika gari lile hakukuwa na ukimya wowote, kichwa kizima kilikuwa kinapiga kelele. Akafika ubavuni mwa Seremala. Kutoka kiti cha pili bibi aliwaona, uso ukang'aa, akampiga mwanawe begani. "Kanyaga!" alisema. "Kanyaga, mwanangu, wanatupita hao!"

"Mwambie tairi!" mama alilia. "Mwambie!"

Na wifi, sijui ni nini alichokiona kwenye uso wa mke wa kaka yake, aliacha ubishi. Akatoa kichwa dirishani, kitambaa cha kichwani kikapeperuka kikaenda zake, akafungua ile sauti yake ya mtaa wa pili. "Tairi! Baba, tairi! Usipige breki! Achia mafuta, achia!"

Seremala aliacha kutabasamu. Akaachia mafuta. Magari mawili yakapungua pamoja, taratibu, taratibu sana, yakasogea pembeni na kusimama kwenye changarawe. Mita mia tatu mbele, barabara ilikuwa inainama.

Msafara wote ukasimama. Mwenyekiti akarudi kwa miguu kutoka mbele, hana haraka, uso umekunjwa. Milango ikafunguliwa. Kinyozi alikuwa ameshapanua mdomo.

"Haya, mama," Mwenyekiti alisema. "Nini tena?"

"Nyuma kushoto," alisema. "Sikuzikaza."

"Nimeona alama mwenyewe."

"Alama nilichora kabla."

Kinyozi akaufunga mdomo. Mwenyekiti akazunguka gari jekundu, akachuchumaa. Wote wakamfuata. Mistari ilikuwa imekatika yote. Bolti moja ilikuwa tupu, nati yake imebaki mahali fulani barabarani. Mzee akashika nati ya pili kwa vidole viwili, akaizungusha bila nguvu, kama mtu anayefungua chupa ya maji, ikatoka ikakaa kiganjani mwake.

Bibi alichungulia kutoka dirishani, amekasirika. "Mbona mmesimama? Tulikuwa tunawashinda!"

Seremala aliitazama ile nati. Kisha akamtazama mama yake. Akaenda hatua kadhaa kwenye majani, akainama, akatapika. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Mama yangu amekaa upande wa tairi hili," alimwambia mtoa dawa.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unamuua mama yangu."

"Ndiyo," alisema tena. Alitaka kusema habari ya vikombe vya chai na kicheko, akaona hayo yote hayana uzito wa hata nati moja. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

Mwenyekiti akaleta jeki, nati ya akiba na sanduku la spana. Seremala akalipokonya sanduku, akapiga magoti, akaweka spana kwenye nati. Haikukaa. Chuma kikagonga rimu, kikagonga tena, kikateleza.

"Mtu hakazi gari lake," Mwenyekiti alisema polepole. "Hasa akiwa hivyo."

Seremala akasimama. Akawatazama wenzake mmoja mmoja, watu aliosafiri nao miaka sita, watu wenye mikono ya kazi. Akampita Kinyozi. Akampita mpiga picha. Akaja kusimama mbele ya mama, akamnyooshea spana.

"Kaza wewe."

"Mimi? Hapana. Baba, hapana, mpe mwingine."

"Nani mwingine hapa anaogopa kama wewe?" Seremala alisema. Hakukuwa na upole kwenye sauti yake. "Kaza."

Akakaza. Alipiga magoti kwenye changarawe, akazungusha nati kwa vidole hadi zikakaa, jeki ikashushwa, ndipo akashika spana. Alihesabu kwa sauti, na sauti ilikatika katikati ya kila namba. Ka. Moja. Ka. Mbili. Alipofika tano akarudia zote, kisha akazunguka na kurudia matairi mengine matatu, zote ishirini, na watu kumi na tatu wamesimama juani bila hata mmoja kuuliza tutafika lini. Ndipo akaomba kalamu.

Seremala hakuinama kutazama. Aliingia kwenye gari, akamfunga mama yake mkanda upya, akakaa ameshika usukani. Mtoa dawa alitamani angetazama. Angalau angetazama.

"Hukusimamisha msafara bure," Mwenyekiti alimwambia pembeni. "Lakini umechora uongo, na mimi nikausaini kwa macho yangu. Unaanza upya. Misafara mitatu."

"Sawa, mzee."

"Na mimi naanza na wewe."

Mama alitegemea baada ya hapo watu watarudi kwenye magari yao. Hawakurudi. Mpiga picha ndiye wa kwanza kwenda kufungua buti lake. Akatoa spana, akaenda kwenye gari lililokuwa mbele yake tangu asubuhi, akachuchumaa. Hakuna aliyemuuliza. Mwingine akafuata, kisha mwingine, mpaka pembeni mwa barabara ile ikawa ni migongo iliyoinama na milio ya ka, ka, ka.

Kinyozi alikuja kwenye gari la rangi ya fedha. Alikuja wa mwisho, hamtazami mtu. Wifi alikuwa bado amekaa ndani, kichwa wazi, mikono mapajani, kimya kama hajawahi kuongea maishani mwake. Kinyozi akapiga magoti kwenye tairi la mbele. Mistari yake mieupe ilikuwa mizuri, haijakatika. Nati ya kwanza ikalia papo hapo, ka. Ya pili, ka.

Ya tatu haikulia. Spana ilizunguka robo. Ikazunguka nusu, na bado. Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Ilizunguka karibu mzunguko mzima kabla ya kulia.

Kinyozi akabaki ameishika spana, kichwa kimeinama, shingo imelowa jasho. Wote wawili walikuwa wanaitazama nati ile na ule mstari ambao ndiyo kwanza umekatika.

"Breki," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini sana. "Usiondoke hapo."

Mama akachuchumaa karibu naye, mabega yao yakagusana, na Kinyozi alipoweka spana kwenye nati ya nne, akaanza kumhesabia.